Kikaragosi Hakina Uhai, Mbona Kinatutoa Machozi?

Julai 2021 kikaragosi cha msichana wa miaka tisa, mkimbizi kutoka Syria, kilianza safari mjini Gaziantep, Uturuki, kikielekea Manchester, Uingereza, mwendo wa takriban kilomita 8,000. Msichana huyo anaitwa Amal. Ana urefu wa mita 3.5 na mwili wake umeundwa kwa henzirani na nyuzi za kaboni. Anayemtembeza yumo ndani ya kiunzi juu ya mironjo, na wawili wanaomshika mikono wako nje, mbele ya macho ya watu. Hakuna kilichofichwa. Hata hivyo kuna watu wazima waliomlaki kwa machozi, na watoto walionyoosha mikono wamguse vidole. Katika mji wa Larissa, Ugiriki, waliochukizwa na ujio wake walimtupia mayai, matunda na hata mawe.

Tuanze na hayo mawe. Anayerushia mawe henzirani amekubali jambo lile lile alilokubali anayelia, kwamba pale mbele yupo mtu. Na wote wawili wanajua kwamba hayupo. Ukiuliza watu maelezo ya hali hii utapewa majibu matatu: wamedanganyika, ni mambo ya kitoto, au siku hizi watu wanajali midoli kuliko binadamu wenzao. Yote matatu yana kasoro, ingawa la tatu linakaribia kitu cha kweli.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kikaragosi, kwa maana ya makala haya, ni kitu chochote kisicho na uhai ambacho mtu hukichezesha mbele ya watazamaji ili kionekane kina nia yake chenyewe. Mdoli aliyewekwa rafuni si kikaragosi, hata awe na kope za nywele halisi. Soksi kuukuu, ukiivaa mkononi ikageuka kumtazama mtu, imekwisha kuwa kikaragosi.

Upande wa hisia kuna vitu vitatu ambavyo mazungumzo ya kawaida huvifunga katika furushi moja. Kuna kuambukizwa hisia, kama mtoto mchanga anayelia kwa sababu amesikia mwenzake akilia. Kuna kujiweka mahali pa mwingine, yaani kuelewa anaona nini, anataka nini na anaogopa nini. Halafu kuna huruma yenyewe, ile ya kutaka apate nafuu. Vitatu hivi havitembei pamoja siku zote. Mtesaji hodari anaelewa vizuri sana hisia za anayemtesa, na huruma hana. Ukisikia mtu anadai kwamba vikaragosi "vinajenga utu", muulize ni kipi kati ya hivi anachokizungumzia.

Pembetatu yenye ubabe

Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel wa Chuo cha Smith, Marekani, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo ndilo mlango mzuri wa kuingilia mada hii. Walitengeneza filamu isiyofika dakika tatu, yenye pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara dogo vikizunguka karibu na mstatili ambao upande wake mmoja hufunguka na kufungwa. Hakuna macho, mdomo wala sauti. Wanafunzi 34 waliombwa waandike walichokiona, na ni mmoja tu aliyeeleza kwa lugha ya maumbo. Waliobaki waliandika visa: pembetatu kubwa ni mbabe, ndogo inapigana kujitetea, duara limejibanza ndani ya nyumba kwa woga.

Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Uppsala, Uswidi, alilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Alifunga vyanzo vidogo vya mwanga kwenye mabega, viwiko, nyonga, magoti na vifundo vya mtu, kisha akampiga picha gizani mpaka zikabaki nukta tupu. Nukta zikitulia, mtazamaji haoni chochote cha maana. Zikianza kutembea, anaona mtu papo hapo, wala hana haja ya kufikiri.

Kwamba hii ni kazi maalumu ya ubongo, si upuuzi wa watu wepesi wa kuamini, kulionekana mwaka 2004 watafiti wa ubongo Andrea Heberlein na Ralph Adolphs walipomwonyesha filamu ya pembetatu mgonjwa ambaye sehemu ya ubongo wake iitwayo amigdala ilikuwa imeharibika pande zote mbili. Aliona vizuri na alijua mambo ya kijamii. Lakini alieleza maumbo yanayosogea, basi. Ubabe wa pembetatu haukumjia wenyewe kama unavyotujia sisi.

Wengi wakifika hapa hurukia zile seli za neva za "kioo", zilizogunduliwa Parma, Italia, kwa nyani wa maabara: seli zinazoamka nyani anaposhika kitu na pia anapomwona mwingine akikishika. Ugunduzi ni wa kweli. Kutoka kwenye kushika punje hadi kwenye mtu mzima kulia mbele ya henzirani ni safari ndefu ambayo bado haijaunganishwa, na anayeimaliza kwa sentensi moja anauza uhakika ambao sayansi haina.

Pumzi, macho, uzito

Mchezeshaji hajifunzi nadharia hizo, lakini mkono wake unazifanyia kazi. Kanuni yake ya kwanza ni pumzi. Kampuni ya Handspring ya Afrika Kusini, iliyomuunda Amal na pia farasi wa tamthilia ya War Horse iliyofunguliwa London mwaka 2007, imeifanya pumzi kuwa msingi wa kazi yake yote. Farasi mmoja huchezeshwa na watu watatu, mmoja kichwani na wawili ndani ya kiunzi. Anayekaa upande wa mbele ndani ya kiunzi huitwa "moyo", na kwa kukunja na kunyoosha magoti yake mwenyewe huufanya mwili mzima wa farasi upande na kushuka. Farasi akisimama bila kufanya lolote, bado anapumua. Pumzi ikikatika, mbele yako kuna samani.

Kwa kikaragosi kidogo, kifua au mabega yakipanda sentimita moja yanatosha. La muhimu ni mpangilio: pumzi huja kabla ya tendo. Kikaragosi kinavuta pumzi, kisha kinageuka. Kinavuta pumzi, kisha kinasema. Pumzi fupi za haraka ni hofu, pumzi ndefu inayoishia kwa mabega kuanguka ni kukata tamaa au usingizi, na pumzi iliyozuiwa ni kusikiliza. Mwanafunzi anayegeuza kichwa kwanza halafu akakumbuka kupumua atawaonyesha watazamaji mashine, na wao hawatajua kilichowapotezea hamu.

Kanuni ya pili ni macho. Kichwa hutangulia na mwili hufuata, kwa sababu tunataka kujua kiumbe kimeona nini kabla hakijaamua. Mboni zilizobandikwa zikitazama mbele sambamba, kila moja kwake, humpa kikaragosi sura ya asiyekuwepo. Zikisogezwa kidogo kuelekea pua, macho yanakutana mahali fulani na watazamaji huhisi wametazamwa. Kosa la wanaoanza ni la kifundo cha mkono: kikaragosi cha mkononi kikiinuliwa juu ya kichwa cha mchezeshaji, pua huelekea darini, kwa hiyo kifundo kikunjwe mbele mpaka kikaragosi kiwatazame watu na si paa. Mchezeshaji anayeonekana jukwaani naye akitazame kikaragosi chake. Akiwatazama watazamaji, nao watamtazama yeye, na hapo kikaragosi kimekufa.

Uzito ndio unaosahaulika kuliko yote. Kikaragosi kinachokanyaga sentimita mbili juu ya meza kinaelea, na jicho la binadamu haliisamehei hitilafu hiyo. Kinyume chake ni kuzama: baada ya dakika kama tano mkono ulioinuliwa huchoka, na kikaragosi kilichoanza kikionekana hadi kiunoni kinabaki kidevu. Dawa yake ni mazoezi ya kuinua mkono mbele ya kioo, na onyesho lililopangwa hivi kwamba kikaragosi kikae au kitoke kabla mkono haujashindwa.

Kuhusu mdomo: anayeshusha ni dole gumba, vidole vinne vya juu hutulia. Ukiviinua vidole vya juu, kichwa kizima kinarukaruka na macho yanapoteza shabaha. Mdomo hufunguka silabi inapotoka, haufungiki juu yake. Katika Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia na irabu, kuna kishawishi cha kufungua kwa kila silabi, na matokeo yake ni kutafuna. Fungua wazi kwenye silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho, nyingine zipite na nusu ya mdomo. Kwa mazungumzo ya haraka hata nusu hizo ziache.

Na kama mchezeshaji anasema bila kuchezesha midomo yake, sauti "haitupwi" popote, ingawa watu wengi huamini hivyo. Inatoka kooni mwake kama sauti nyingine yoyote. Masikio yetu si hodari kama macho katika kupima chanzo cha sauti, ndiyo maana jicho likiona mdomo unaocheza sawia na maneno, ubongo huihamishia sauti kwenye mdomo huo. Mdomo ukichelewa, sauti inarudi kwa mwenyewe.

Bunraku, maonyesho ya jadi ya vikaragosi ya Japani, imeifikisha hesabu hii mbali kuliko sanaa nyingine ninayoijua. Kikaragosi kikuu huchezeshwa na watu watatu: mkuu huchukua kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Kwa desturi mafunzo ya miguu peke yake huhesabiwa miaka kama kumi, na ya mkono wa kushoto mingine kama hiyo. Wasaidizi wawili hufunikwa nyuso kwa kitambaa cheusi, ilhali mkuu mara nyingi huacha uso wake wazi. Lakini vikaragosi vingi vya kike havina miguu kabisa. Mchezeshaji wa miguu hushika upindo wa kimono kwa ndani na kuusukuma kwa ngumi, na watazamaji huona magoti yakipigwa chini na hatua zikipigwa. Miguu hiyo imetengenezwa na watazamaji wenyewe.

Hilo ndilo jibu la swali la kichwa cha makala. Kikaragosi hakitupi hisia. Kinatupa dalili chache zenye mapengo makubwa katikati, na sisi ndio tunaoyajaza, kwa hofu zetu na majonzi yetu. Uso wa mbao haubadiliki, lakini ukiinamishwa kivuli huingia chini ya paji na tunaona huzuni, na ukiinuliwa mwanga unatua mashavuni na tunaona faraja. Mwigizaji wa nyama na damu anatuonyesha majonzi yake. Kikaragosi kinatuachia tulete yetu, na yetu huuma zaidi.

Anayetaka kulithibitisha hahitaji kiwanda. Chukua karatasi nene ya kahawia ya kufungashia, kama mita moja kwa mita moja na nusu. Ikunje na kuifinyanga ilainike, isokote upate kichwa, shingo, kiwiliwili, mikono na miguu, kisha funga kwa utepe wa gundi shingoni na kiunoni. Usiichore uso. Watu watatu waishike: mmoja kichwa na mgongo, mmoja mikono, mmoja miguu. Ilazeni mezani bila kuisogeza kwa sekunde kumi. Anzeni pumzi, mgongo ukipanda kidogo na kushuka, nanyi mkipumua pamoja nayo, kwani hilo ndilo linalowaunganisha bila kuhesabu kwa sauti. Kisha kichwa kiinuke, kione kikombe kilichoko upande wa pili, kisimame. Msiharakishe hapo. Baada ya kusimama ndipo mwili ugeuke, miguu ikanyage meza, mkono uende. Ikifanyika vizuri, walio chumbani huanza kuwa na wasiwasi kama itakifikia kikombe. Ikishindikana, sababu huwa moja kati ya mbili: viungo vyote vilisogea kwa wakati mmoja, au hamkukipa kituo cha kuwaza. Kikaragosi kisichotulia hakiwazi.

Kufanana na mtu siyo siri

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba tunaguswa kwa kadiri kitu kinavyofanana nasi. Karatasi isiyo na uso inaikanusha, na Masahiro Mori, mhandisi wa roboti wa Japani, aliikanusha kwa njia nyingine mwaka 1970. Alipendekeza kwamba mvuto wetu kwa kitu hupanda kadiri kinavyofanana na binadamu, kisha karibu na mwisho huporomoka ghafla kwenye bonde la kuchukiza, ambako alizitaja maiti na mikono bandia inayokaribia mno kuwa halisi. Mwendo, alisema, hulichimba bonde hilo zaidi. Na kikaragosi cha bunraku Mori alikiweka ng'ambo ya bonde, juu, karibu na mtu mzima wa afya. Ukikitazama kwa karibu hakifanani na mtu kiasi hicho. Kwa umbali wa kiti cha ukumbini, macho na mikono ikicheza kama inavyotakiwa, humezwa na watazamaji kama binadamu.

Mtengenezaji anayetumia miezi kuweka mikunjo ya ngozi usoni anafanya kazi inayoweza kumgeuka. Kila undani unaoongeza ni pengo moja ulilomnyang'anya mtazamaji, na pia ni ahadi: ngozi halisi inadai mwendo halisi, ambao mkono wako hauwezi kuutoa.

Wanajua, na bado

Je, anayelia ameamini? Hapana. Simama juu ya sakafu ya kioo ghorofani: unajua imara yake, umeona wengine wakipita, na magoti yanakataa. Mwanafalsafa Tamar Gendler mwaka 2008 aliipa hali hii jina la "alief", yaani mwitikio wa papo kwa papo unaokaa ubavuni mwa imani bila kuitii. Mwanasaikolojia Paul Harris na wenzake waliionyesha kwa watoto mwaka 1991. Waliwaonyesha sanduku tupu, wakawaambia wajifanye kuna kiumbe ndani, na watoto wenyewe wakakiri kuwa ni kujifanya. Walipoachwa peke yao, baadhi hawakulikaribia sanduku bila tahadhari. Hiyo si akili changa iliyochanganya ndoto na ukweli, kwa sababu sakafu ya kioo inawatetemesha wahandisi pia.

Ndiyo maana kuonyesha mkono ulio ndani hakuharibu chochote. Wachezeshaji wa bunraku wanaonekana, wa Amal wanaonekana. Kinachovunja ni mwendo mbovu.

Huruma hiyo huenda wapi?

Sasa lile jibu la tatu, la watu kujali midoli kuliko watu. Mwaka 1968 mwanauchumi Thomas Schelling aliandika juu ya tofauti kati ya kifo cha mtu mmoja anayejulikana na vifo vya takwimu, na mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha kwamba watu huchangia zaidi wakipewa mtoto mmoja mwenye jina kuliko wakipewa idadi ya wenye shida. Amal ni mtoto mmoja mwenye jina. Ameyabeba yale ambayo tarakimu za wakimbizi hazikuyabeba. Haibi huruma ya wakimbizi halisi, ila hakuna kinachoihakikishia huruma hiyo kwamba itavuka kutoka kwake kwenda kwao. Daraja hilo hujengwa kwa kazi nyingine: mazungumzo baada ya onyesho, jambo bayana la kufanya, mtu halisi wa kukutana naye.

Vivyo hivyo kwa watoto. Mwaka 2002 kipindi cha Takalani Sesame cha Afrika Kusini kilimleta Kami, kikaragosi cha msichana yatima wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI, ili watoto wamzoee rafiki wa namna hiyo kabla ya kufundishwa kumwogopa. Hiyo ni matumizi mazuri ya chombo. Kudai kwamba kikaragosi chenyewe hupanda wema ndani ya mtoto ni jambo jingine. Jaribio maarufu la mwaka 2007 lilionyesha vichanga wakichagua umbo la mbao lenye macho lililomsaidia mwenzake kupanda kilima, badala ya lililomzuia. Mwaka 2024 maabara 37 zilipolirudia kwa vichanga zaidi ya 1,000, karibu nusu ndio waliochagua msaidizi, sawa na kurusha sarafu.

Mahali ambapo uzembe huleta madhara ni kwenye kuhoji watoto. Mtoto aliyefunga mdomo mbele ya mtu mzima mara nyingi humwambia kikaragosi, na washauri nasaha hulitumia hilo kwa faida. Lakini kikaragosi humwingiza mtoto kwenye hali ya kujifanya, na katika hali hiyo jibu la kubuni na la kweli hutoka kwa sauti moja. Kwa tiba si tatizo. Kwa ushahidi wa unyanyasaji ni tatizo kubwa. Hata katika tiba, kikaragosi kishikwe na mtoto, mtu mzima aulize maswali yaliyo wazi ("halafu ikawaje?") na asiulize kwa sauti ya kikaragosi, kwa sababu mtoto hupenda kumridhisha rafiki na atamjibu anachodhani rafiki anataka kusikia. Na kikao kikiisha, kikaragosi kiagwe na kuwekwa mahali pake mbele ya mtoto. Kikitupwa kwenye mfuko kichwa chini, mtoto aliyekwisha kukieleza siri yake atauona mfuko huo, na kikao kijacho huenda kikaanza upya.